Handiboli Bila Daftari



Ukikutana na vijana wa mtaa wetu wa Kapsoya, Eldoret, jioni wakirudi kutoka kwenye mechi ya handiboli, jezi zimeshika vumbi, magoti yamechubuka, mtu wa kwanza kuwaona atawauliza swali moja tu: mmefunga ngapi, mmefungwa ngapi? Wakijibu kwamba wameshindwa mabao 24 kwa 22, basi, habari imekwisha. Kinachofuata ni maelezo ya kila mtu na lake. Mmoja atamlaumu refa. Mwingine atasema kipa alikuwa amelala. Wa tatu atasema bahati haikuwa yao. Kesho yake wanarudi uwanjani na kufanya mazoezi yale yale ya wiki iliyopita.

Sasa katika mtaa huo huo, mwulize mkimbiaji zoezi lake la Jumanne lilikwendaje. Hatakwambia amekimbia vizuri, akanyamaza. Atakwambia amekimbia mita elfu moja mara kumi, ya kwanza kwa muda gani, ya saba ilimkaba wapi, na katikati alipumzika sekunde ngapi. Hapa Kapsoya, katika eneobunge la Ainabkoi, tuko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Eldoret nzima inajua kwamba saa ya mkononi na daftari ni vifaa vya kazi sawa na viatu. Eliud Kipchoge, ambaye amejinoa kambini Kaptagat, si mbali na hapa, ana mazoea ya kuandika mazoezi yake kwenye daftari miaka nenda miaka rudi. Alipokimbia umbali wa marathoni kule Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 na kumaliza kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, kasi ya kila kilomita ilikuwa imepigiwa hesabu kabla hajafunga kamba za viatu.

Swali langu leo, na ninaliuliza kwa uchungu, ni hili: elimu hii ya kupima na kuandika imejaa mtaani petu, mbona haijaingia kwenye uwanja wa handiboli? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mechi nazo ni hivyo hivyo. Zinachezwa, zinapotea, na hatubaki na habari zake.

Niruhusu nieleze kazi yenyewe, maana wengi wakisikia uchanganuzi wa mchezo hufikiria kompyuta za bei ghali na wataalamu waliovaa vipokea sauti masikioni. Hayo yapo. Katika Mashindano ya Ulaya ya mwaka 2020 wachezaji walivaa vifaa vidogo mgongoni, chini ya jezi, vikapima mwendo wao, na mpira nao ukawekwa kifaa ndani yake. Lakini mzizi wa uchanganuzi wa handiboli ni kitu ambacho mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kukifanya kwa kalamu. Mzizi wake ni kuhesabu mashambulizi.

Tazama jinsi mchezo huu ulivyo. Uwanja ni mita 40 kwa 20. Wachezaji saba kila upande, kipa akiwemo. Vipindi viwili vya dakika 30. Timu moja ikishika mpira inashambulia. Ikifunga, ikikosa au ikipoteza mpira, zamu inakwenda kwa wenzao. Kwa hiyo mwisho wa mechi idadi ya mashambulizi ya timu zote mbili huwa karibu sawa. Kwa wanaume wa kiwango cha juu, kila timu hupata mashambulizi kama 50 hadi 60. Hapo ndipo siri ilipo. Kama nafasi ni sawa, tofauti ya mabao inatokana na jambo moja tu, nalo ni kile ambacho kila timu imefanya na nafasi hizo.

Turudi kwa vijana wetu walioshindwa 24 kwa 22. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba palikuwa na mtu pembeni mwenye daftari, naye ameandika kila shambulizi lilivyoishia. Daftari linasema kila timu ilishambulia mara 50. Vijana wetu, katika hizo 50, mara 12 walipoteza mpira kabla ya kutupa langoni: pasi ikanaswa, hatua zikazidi, mtu akakanyaga ndani ya mstari wa mita sita. Walibaki na mitupo 38, wakafunga 22. Wenzao walipoteza mpira mara 7 tu, wakatupa mara 43, wakafunga 24.

Chukua kalamu, piga hesabu nami. Mabao 22 kwa mitupo 38 ni asilimia 58. Mabao 24 kwa mitupo 43 ni asilimia 56. Umeona? Vijana wetu walikuwa na shabaha nzuri kuliko waliowashinda! Na yule kipa aliyelaumiwa njia nzima hakuzidiwa na kipa wa upande wa pili. Mechi ilipotea katika mipira 12 ambayo haikufika langoni kabisa. Sasa niambie, mazoezi ya kesho yawe ya nini? Bila daftari, kocha atawapanga mstarini watupe langoni saa nzima, atibu mahali pasipouma. Akiwa na daftari atawapa pasi za haraka huku beki amewakaba, mpaka mikono ijifunze kutulia.

Kaunti yetu ya Uasin Gishu ni ya mahindi, na mkulima yeyote hapa ananielewa nikisema kwamba uzito wa gunia peke yake haumwambii mnunuzi kila kitu. Ukipeleka mahindi kwenye ghala la Halmashauri ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao, yatapimwa unyevu kwanza, na yakizidi asilimia 13.5 utaambiwa ukayaanike. Matokeo ya mechi ni uzito wa gunia. Unyevu ndio tunaoutafuta kwenye daftari.

Sijaitaja halmashauri hiyo kwa bahati mbaya. Ndiyo mwajiri wa moja ya timu zenye jina kubwa katika handiboli ya wanaume Kenya, timu ambayo mashabiki huiita Cereals, iliyoshinda ligi ya taifa mara kadhaa. Ligi hiyo ina wapinzani kama vile Chuo Kikuu cha Strathmore, na upande wa wanawake Nairobi Water wamejijengea ufalme. Mechi nyingi huchezwa kwenye viwanja vya wazi jijini Nairobi, Nyayo na Kaloleni, juani na kwenye upepo. Ukumbi wenye sakafu ya mbao kama ule unaouona kwenye runinga ni ndoto kwa wengi. Jambo hili lina uzito katika uchanganuzi. Ulaya wachezaji hupaka gundi vidoleni ili mpira ushike. Kwenye uwanja wa murramu gundi hiyo inakusanya changarawe. Mpira unadunda ovyo. Kwa hiyo takwimu za Ulaya hazifai kunakiliwa kama zilivyo, kisha mtoto wa Kapsoya aambiwe amepungukiwa. Tunahitaji takwimu zetu, za viwanja vyetu, na hizo hakuna atakayetuandikia.

Hata hivyo yapo tunayoweza kujifunza kwao. Shirikisho la kimataifa la handiboli huchapisha takwimu za kila mechi ya Kombe la Dunia, na ukizisoma utaona wanagawa mitupo kulingana na mahali ilipotokea: mbali kwenye mita tisa, pembeni kwa mawinga, katikati kwenye mstari wa mita sita, penalti ya mita saba, na shambulizi la kushtukiza wakati mabeki hawajarudi. Kwa timu kubwa, mtupo wa mbali mara nyingi huingia chini ya nusu. Pivoti, yule jamaa mwenye kifua aliyesimama katikati ya mabeki akilipa lango mgongo, akiupata mpira pale mita sita hufunga kama mara saba kwa kumi. Shambulizi la kushtukiza nalo haliko mbali na hapo, na mara nyingine linapita.

Sasa nenda katazame mechi za shule zetu. Kijana mmoja mrefu mwenye mkono mzito anatupa kutoka mbali, anatupa tena, uwanja unashangilia kila ukiingia mmoja, na pivoti amesimama pale kati hajaguswa na mpira tangu mechi ianze. Kelele za mashabiki zinakumbuka mabao. Daftari linakumbuka na mitupo mingine iliyopaa juu ya mwamba.

Niseme kidogo kuhusu kipa, kwa sababu ndiye anayeonewa kuliko wote. Lango lina upana wa mita tatu na urefu wa mita mbili. Mwanaume wa kiwango cha juu hutupa mpira kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa na zaidi. Ukitupwa kutoka mita tisa kwa kasi hiyo, unafika langoni kwa takriban theluthi moja ya sekunde. Hakuna binadamu anayeweza kungoja aone mpira unakwenda wapi ndipo aruke. Kipa hukisia, na makisio mazuri yanatokana na kumjua mtupaji: bega lake linashuka akitaka kutupa chini, akiruka kwa mguu wa kushoto anapenda kona ya mbali. Ndiyo maana kipa anayeokoa mitupo mitatu kwa kumi anahesabiwa kuwa mzuri, na anayefikisha asilimia 40 katika mechi huwa ameibeba timu mabegani. Ukitaka kumsaidia kipa wako, chora lango kwenye karatasi, ligawe vyumba tisa, vitatu juu, vitatu katikati, vitatu chini. Kila mpinzani anapotupa, andika nambari ya jezi yake katika chumba alichokilenga. Ukimaliza mechi mbili za mpinzani huyo, utaona nambari zinavyorundikana. Kijana anayejigamba kwamba hatabiriki utamkuta ameandikwa chini kushoto mara sita.

Kuna kosa jingine ambalo, kwa sisi wa huku, ni la kimaumbile kabisa. Tunaamini mapafu yetu yatatosha kwa kila mchezo. Kocha anachukua timu ya handiboli, anaipeleka barabarani kilomita kumi na mbili, wanarudi wametoka jasho, anaona kazi imefanyika. Watafiti wa Denmark waliwafuatilia wanaume wa ligi kuu yao kwa misimu kadhaa, wakakuta mchezaji asiye kipa hutembea na kukimbia kwa wastani kama kilomita tatu na nusu hivi katika mechi nzima. Kilomita tatu na nusu! Hapa Kapsoya huo ni mwendo wa kupasha misuli moto. Lakini wakaona pia kwamba mchezaji hubadilisha mwendo zaidi ya mara elfu moja katika mechi hiyo: anatembea, anachomoka, anafunga breki, anarudi kinyumenyume, anaruka, anagongwa kifua akiwa hewani. Mbio za kasi kabisa ni sehemu ndogo tu ya muda wote, na ndizo zinazoamua. Mguu uliozoea mwendo mmoja wa barabara ndefu haujui kufunga breki. Kocha akihesabu mara ngapi winga wake amechomoka, na mara ngapi amerudi nyuma kwa wakati kukaba, ataacha kumpeleka barabarani, atampigia filimbi mita ishirini kwenda, ishirini kurudi.

Kama bado unadhani ninakuza jambo dogo, kumbuka Olimpiki ya Paris, Agosti 2024, robo fainali kati ya Ufaransa na Ujerumani. Ufaransa wako nyumbani. Wanaongoza 29 kwa 28. Zimebaki sekunde chache, mpira ni wao, kocha ameomba muda, wamezungumza, wamerudi uwanjani. Kilichotakiwa ni kuushika mpira tu. Pasi moja ikanaswa. Renārs Uščins wa Ujerumani akaupata, akatupa, 29 kwa 29, filimbi. Wakaenda muda wa ziada na Ujerumani ikashinda 35 kwa 34. Ufaransa, waliokuwa mabingwa wa Olimpiki iliyotangulia, wakawa watazamaji katika mashindano yao wenyewe. Kwenye jedwali la takwimu, msiba wote ule ni alama moja katika safu ya mipira iliyopotea. Uzito wa alama hiyo moja ndio ninaotaka vijana wetu wauhisi hata kama ni dakika ya kumi na mbili ya kipindi cha kwanza, maana mpira uliopotea dakika ya kumi na mbili ni sawa na uliopotea sekunde ya mwisho. Tofauti ni kwamba ule wa mapema hakuna anayeulilia.

Na usiseme mambo haya ni ya Wazungu. Misri walifika nusu fainali ya Olimpiki ya Tokyo, timu ya kwanza ya wanaume kutoka Afrika kufika hapo katika handiboli. Mapema mwaka huo huo wa 2021, katika Kombe la Dunia lililochezwa kwao, waliwasukuma Denmark, mabingwa wa dunia, mpaka kwenye mitupo ya mita saba katika robo fainali. Rwanda, majirani zetu, walishiriki ubingwa wa Afrika wa wanaume kwa mara ya kwanza mwaka 2024 mjini Cairo, na miaka miwili baadaye, Januari 2026, mashindano hayo yakafanyika Kigali. Nikitazama umbali kati ya Eldoret na Kigali, naona hatuna kisingizio.

Lakini nina tahadhari, na naomba walimu wa michezo wanisikilize hapa kwa makini. Daftari linaweza kugeuzwa kiboko. Nimeona mwalimu akiwasomea vijana takwimu mbele ya wenzao kama anayesoma majina ya wadaiwa wa karo. Kijana aliyekosa mitupo mitano kati ya saba akainamisha kichwa, na mechi iliyofuata hakutupa hata mara moja. Kila mpira aliopata alimpa mwenzake. Takwimu zake zikawa safi na timu ikapoteza mtu.

Tena nambari bila mazingira yake hudanganya. Refa akiona timu inazungusha mpira bila nia ya kufunga, anainua mkono. Tangu kanuni zibadilishwe mwaka 2022, mkono ukishainuliwa timu ina pasi nne tu. Kabla ya hapo zilikuwa sita. Sasa nani hutupa baada ya pasi ya nne? Yule mwenye moyo. Mpira unamfikia mbali na lango, mabeki wawili wako mbele yake, muda umekwisha, wengine wote wamemkimbia. Anatupa, anakosa, na jedwali linamwandika kuwa mbovu. Kwa hiyo mwandishi wa daftari ana wajibu wa kuweka alama ndogo pembeni, mkono wa refa ulikuwa juu au chini. Ukizitenga hizo, utashangaa: mara nyingi yule anayelaumiwa ndiye anayebeba mizigo iliyotupwa na wenzake.

Hali kadhalika mtindo huu wa kumtoa kipa na kuingiza mshambuliaji wa saba. Kanuni za mwaka 2016 zilirahisisha jambo hilo, na siku hizi hata timu za shule zinauiga kwa sababu zimeuona kwenye simu. Sina ugomvi nao. Ila anayeutumia aandike kando mashambulizi yote aliyofanya akiwa na watu saba mbele, mabao aliyopata, na mabao aliyofungwa kwenye lango tupu. Baada ya mechi tano atajua kama anapata faida au anagawa mabao ya bure. Wengi, naamini, watamrudisha kipa wao langoni.

Basi, kazi yenyewe ianze vipi hapa Kapsoya? Mashindano ya handiboli ya shule za upili huwa muhula wa kwanza, kati ya Januari na Machi, wakati uwanja ni mkavu na kila mtu yuko nje. Kila timu ina wachezaji wa akiba, ina aliyeteguka kifundo cha mguu, ina wasichana na wavulana wanaosubiri mechi yao. Hao ndio waandishi. Daftari la kurasa 96 linatosha msimu mzima. Kila ukurasa kipindi kimoja, kila mstari shambulizi moja: nani amemaliza, kutoka wapi, limeishia vipi. Na kaunti, inapoandaa michuano yake, ikusanye nakala za kurasa hizo pamoja na karatasi za matokeo, ili mwalimu mpya akija mwaka ujao asianze na ukurasa mtupu.

Ila waandishi wawekwe wawili wawili. Mmoja aangalie uwanjani na kutaja kwa sauti, "nambari saba, pembeni kulia, kipa ameokoa," na mwingine aandike bila kuinua kichwa. Mtu mmoja hawezi kufanya yote mawili; akiinama kuandika, shambulizi linalofuata limeshavuka katikati ya uwanja. Wabadilishane wakati wa mapumziko, maana aliyekuwa akiandika naye anastahili kuutazama mchezo.